Bei ya Motakaa Kuukuu Hulipwa na Nani?

Zamani motakaa ilikuwa chombo cha watu wachache: bwana mkubwa, mfanya biashara, mganga wa hospitali. Siku hizi mambo yamegeuka. Mkulima aliyeuza kahawa yake vizuri, mwalimu aliyeweka akiba miaka kumi, au ndugu watano waliochanga fedha zao pamoja, wote waweza kununua motakaa, wala si mpya, bali kuukuu, iliyokwisha kutumiwa na wengine. Tena mahali pengi watu hununua hata gari lililovunjika katika ajali, si kwa kulipanda, bali kwa kulifungua na kutoa vyuma vyake vilivyo vizima.

Je, jambo hili ni jema ama ni baya? Wako wasemao kwamba anunuaye cha rahisi hujitafutia hasara, na ushahidi wao ni ule msemo wa wazee, "Rahisi huvunja upishi." Wako wengine wasemao kwamba maskini hana budi kununua cha rahisi, na kwamba mwenye shibe ndiye apendaye kumwonya mwenye njaa. Mimi naona pande zote mbili zimeacha swali moja lililo kubwa kuliko yote. Bei ikipunguzwa, kile kilichopunguzwa hakipotei. Lazima mtu akilipe baadaye. Basi tuulize, atakilipa nani?

Yafaa kwanza tujue motakaa hizi zatoka wapi, na kwa nini ni rahisi. Nyingi katika zile zishushwazo Dar es Salaam na Mombasa hutoka Japani. Huko watu hupita upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani wa magari yao uko kulia, nayo yatufaa bila kugeuzwa. Tena sheria ya Japani hutaka gari jipya la mtu binafsi likaguliwe baada ya miaka 3, na kisha kila baada ya miaka 2, na pamoja na ukaguzi huo mwenyewe hulipa kodi na bima. Basi watu wengi wa huko huona afadhali kuuza gari lililo zima kuliko kulilipia ukaguzi mwingine. Hivyo gari laweza kuwa rahisi bila kuwa bovu. Limekuwa rahisi kwa kuwa mwenyewe hakulitaka tena.

Serikali zetu hazilingani katika jambo la umri. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilikataa yale yaliyofika miaka 15. Tanzania huyapokea, lakini huyatoza ushuru zaidi yakiwa ya zamani. Sheria hizi zina maana yake, lakini hesabu ya miaka haituambii yote. Gari la miaka 15 lililotunzwa laweza kuwa salama kuliko la miaka 5 lililopinduka, likanyoshwa, likapakwa rangi. Uzee haudanganyi mtu, kwa maana huonekana. Kidanganyacho ni kile kilichofichwa.

Nao ufichaji wenyewe huingia kwa njia ya ajabu. Huko Japani magari kuukuu mengi huuzwa mnadani, na kabla ya mnada mkaguzi huliandikia kila gari karatasi yake. Humo huandika kila mkwaruzo, kila mahali palipobonyea, na kila mlango uliobadilishwa. Na gari lililotengenezwa baada ya ajali kubwa hutiwa alama, mara nyingi herufi R. Basi ukweli umekwisha kuandikwa wazi. Lakini umeandikwa kwa Kijapani, na mara nyingi karatasi ile haifuatani na gari mpaka kwa mnunuzi wa mwisho. Gari hupita kwa wakala, kwa msafirishaji, kwa mwenye yadi, na kwa dalali. Na kila mkono ulipitishao waweza kuupunguza ukweli kidogo, hata likifika Singida au Kitui linaitwa gari safi lisilo na tatizo. Pengine hapana hata mmoja njiani aliyesema uwongo mzima. Kila mmoja alinyamaza sehemu yake tu.

Sasa tulitazame lile gari lililovunjika. Mtu asiyejua hupita karibu nalo akaona takataka. Fundi huona ghala. Gari lililogongwa nyuma laweza kuwa na injini, giaboksi, redieta na taa za mbele zilizo nzima kabisa. Lililogongwa mbele laweza kubakiwa na difu, milango ya nyuma, vioo na viti. Fundi hulinunua kwa bei ya chuma chakavu, hulifungua kwa utaratibu, na katika mzoga mmoja hupata dawa ya magari matano yaliyo hai. Ukienda Gerezani katika Dar es Salaam, au Kirinyaga Road katika Nairobi, utaona vyuma vimepangwa kama vitabu, na mwenye duka ajua kila kimoja kilitoka gari gani na kitaingia gari gani.

Wazee wa Tanzania watakumbuka miaka ile baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipokuwa haba. Spea mpya zilikuwa adimu, na malori mengi yalitembea kwa sababu mafundi walijua kuchukua uhai wa gari moja na kuutia katika jingine. Kazi hii si ya aibu, yastahili heshima. Kukitupa kitu kizima kwa kuwa kimo ndani ya kitu kilichovunjika ni uvivu wa akili, tena ni kudharau jasho la yule aliyekitengeneza. Basi mtu asiwacheke wale wanunuao kuukuu, wala wale waokoao vyuma katika mabaki.

Lakini vyuma vya gari si vya namna moja, na hapa msomaji angalie sana. Viko ambavyo vikiharibika hutuletea usumbufu, na viko ambavyo vikiharibika huleta msiba. Redieta ikitoboka, gari litasimama njiani, nawe utatembea kwa miguu ukinung'unika. Mlango ukiwa na rangi nyingine, watu watacheka. Lakini breki, vyuma vya usukani, tairi na mikanda ya usalama vikishindwa, hapana nafasi ya kunung'unika wala ya kujuta. Mkanda uliomshika mtu katika ajali, nyuzi zake zimekwisha kuvutwa kwa nguvu. Kwa macho waonekana mzima, lakini nguvu yake si ile ya kwanza. Mfuko wa hewa uliowekwa katika usukani ili umlinde dereva hufumuka mara moja tu, na ukisha kufumuka haufai tena. Chuma cha usukani kilichopinda kikanyoshwa kwa moto huweza kupoteza ule ugumu kilichopewa kiwandani. Tairi nayo huzeeka hata ikikaa bure ghalani, na ubavuni mwake mna tarakimu 4 zionyeshazo juma na mwaka wa kutengenezwa kwake: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019.

Vitu hivi vya namna ya pili, vikitoka katika gari la ajali, fundi mwaminifu havirudishi barabarani. Huvitenga, huvikata, huvipeleka kuyeyushwa. Hupata senti chache mahali pa shilingi nyingi, na hapana mtu amwonaye wala amsifuye. Lakini kwa tendo hilo amejitenga na mchuuzi auzaye chochote kwa yeyote.

Kwa nini nasema hivi? Katika kila mapatano ya bei wako watu wawili, muuzaji na mnunuzi, na kila mmoja hutetea fedha yake. Lakini katika mapatano ya motakaa yuko wa tatu ambaye hakuitwa. Ni mama akaaye kiti cha nyuma na mtoto wake mapajani. Ni mwanafunzi apitaye kando ya barabara na vitabu vyake. Ni dereva wa lori lijalo mbele. Huyu wa tatu hakuliona gari likikaguliwa, hakuambiwa lolote, wala hakupunguziwa hata senti moja. Lakini breki zikishindwa mteremkoni, yeye ndiye alipaye. Wale wawili waligawana faida, na hasara wakaiandika kwa jina la mtu asiyekuwapo. Mtu akinunua gari bovu hali akijua, akalitumia peke yake katika shamba lake, labda tutamwita mpumbavu; hatuna haki ya kumwita mwovu. Lakini akipakia watu wasiojua, neno limegeuka.

Swali la wajibu wa muuzaji si geni. Cicero, mwenye hekima wa Rumi, alilijadili katika kitabu chake juu ya wajibu, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo. Alitoa mfano wa mtu auzaye nyumba. Watu wadhani ni nyumba nzuri, lakini mwenyewe ajua kwamba haina afya, nyoka hutokea vyumbani, na miti yake imeoza yakaribia kuanguka. Je, imempasa kusema? Cicero aliwaleta wanafalsafa wawili wakishindana. Diogenes wa Babeli alitetea muuzaji: hakumlazimisha mtu, mnunuzi ana macho yake, na ni upumbavu gani kumtuma mpiga mbiu atangaze kwamba nyumba mbovu inauzwa? Antipater akajibu kwamba kumwacha mnunuzi aangukie hasara kwa kutojua ni sawa na kumwona mtu aliyepotea njia ukakataa kumwonyesha, tena ni vibaya zaidi, kwa maana ni kumpoteza kwa kusudi. Cicero mwenyewe alikata shauri kwamba muuzaji hakustahili kuficha.

Wengine watasema kwamba hayo ni maneno ya wenye hekima, na soko lina desturi zake. Basi tusikilize mtaalamu wa soko lenyewe. Mwaka 1970 Mmarekani mmoja, George Akerlof, aliandika juu ya soko la magari yaliyotumika, na kwa kazi hiyo akawa mmoja wa watu watatu waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Maneno yake kwa ufupi ni haya. Tuseme gari zima lastahili shilingi milioni 10, na bovu milioni 4, lakini mnunuzi hawezi kuyatambua. Atatoa bei ya katikati, yaani milioni 7. Mwenye gari zima ataona anaibiwa, atalirudisha nyumbani. Mwenye gari bovu atafurahi. Basi sokoni yatabaki mabovu mengi kuliko mazima. Wanunuzi wakisha kujua hayo watashusha bei tena, na wenye magari mazima waliobaki wataondoka nao. Mwisho waongo hujaza soko, na mkweli hana mahali pa kuuzia. Hivyo afichaye ubovu humwibia mnunuzi wake, tena humwibia muuzaji mwaminifu ambaye hata hamjui. Na hila yenyewe haidumu, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Lakini tusiweke mzigo wote juu ya muuzaji. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1893 juu ya kuuza bidhaa, ambayo sheria za Kenya na Tanzania zilitokana nayo, ilimtaka mchuuzi auze kitu kifaacho. Lakini ilisema pia kwamba mnunuzi akisha kukikagua kitu, asilalamikie ubovu ambao ukaguzi wake ungeuonyesha. Mnunuzi naye ana kazi. Na kazi hiyo si ya siri wala haitaki elimu kubwa.

Aisome namba iliyopigwa katika chuma cha gari, ailinganishe na ile ya kadi. Aje asubuhi injini ikiwa baridi, aiwashe mwenyewe, atazame moshi: wa buluu ni dalili ya mafuta ya injini kuungua, mweupe usiokoma ni dalili ya maji kuingia yasimotakiwa. Akiona mafuta ya injini yamekuwa kama chai ya maziwa, ajue maji yamechanganyika nayo. Achukue sumaku ndogo ya kitoto aipitishe juu ya bodi ya chuma. Mahali isiposhika, pana udongo wa kuzibia chini ya rangi. Atazame mpira wa kanyagio la breki: ukiwa umelika kabisa, na hesabu ya kilomita mbele ya dereva ni ndogo, mmoja wao anasema uwongo, na mpira haujui kusema uwongo. Ainue zulia anuse. Harufu ya uvundo na tope katika pembe ni habari za gari lililozama majini. Na juu ya yote amlipe fundi asiye rafiki wa muuzaji alitazame kwa chini.

Mtu asiyetaka kutazama, kwa hofu ya kuona, asiseme baadaye kwamba hakujua. Kutojua kwa kusudi ni namna ya kujua. Wasomaji wa kitabu cha Kutoka, sura ya 21, wanaikumbuka sheria ya ng'ombe apigaye watu pembe. Ng'ombe akiua mtu mara ya kwanza, mwenyewe hakuhesabiwa hatia. Lakini ikiwa alikwisha kuonywa kwamba ng'ombe ana desturi hiyo, asimfunge, damu ilikuwa juu yake. Fundi akikuambia kwamba breki zimekwisha, umekwisha kuonywa.

Hapa najua mtu mmoja atasimama na kunijibu kwa haki. Atasema, "Mwalimu, wewe wasema hayo, lakini sisi twakaa kilomita 40 kutoka hospitali, njia ni ya udongo, na mama akishikwa na uchungu usiku twambeba kwa machela. Gari bovu si bora kuliko machela?" Jibu langu ni kwamba ndiyo, kwa usiku ule ni bora. Mpakieni, mwende polepole, na mwambieni yeye na ndugu zake hali ya gari, ili hatari hiyo waichague wenyewe. Shida huruhusu watu kushiriki hatari wakijua. Haiwaruhusu kuificha. Tena shida ya usiku mmoja isifanywe hati ya kila siku ya gulio, gari lile lile likipakia watu 20 na magunia juu, kila mmoja akilipa nauli kana kwamba amenunua usalama.

Na wale wanaochanga fedha ili kununua, nawashauri jambo moja la hesabu. Tuseme mna shilingi milioni 9. Msizimalize zote kwa gari ling'aalo. Tafuteni la milioni 7, lenye rangi iliyofifia na viti vilivyochanika, na zile 2 zilizobaki ziingie kwanza katika breki, kisha tairi, kisha usukani, kisha mikanda. Taa, milango na vioo vitoeni katika mabaki kwa rahisi, na rangi ingojee mavuno ya mwaka ujao. Wengi hufanya kinyume: huanza na rangi na redio, kwa sababu hivyo huonekana na majirani. Breki haionekani mpaka siku inapokosekana.

Tena wako wengine wasiokuwapo katika mapatano, nao tuwakumbuke. Kioo cha pembeni kiuzwacho jioni kwa robo ya bei, pengine asubuhi kilikuwa katika gari la mtu. Ndiyo sababu watu wengi wa mijini huchora namba ya gari katika vioo na taa zao. Ukiona kioo kilichokwanguliwa mahali pa namba, ukanunua kwa furaha ya rahisi, umemwajiri mwizi kazi ya usiku wa leo. Na betri iliyokwisha ina risasi na maji makali ndani yake. Katika Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, watoto pamoja nao, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Basi fundi wa kijijini asipasue betri karibu na kisima, wala asimwage mafuta machafu mtoni. Anywaye maji ya chini ya mto naye hakuwapo bei ilipopatanwa.

Ndugu wasomaji, nunueni cha rahisi bila haya, na okoeni kila kilicho kizima katika kilichovunjika. Lakini kabla ya kupeana mikono, mfanyeni yule wa tatu awepo. Muuzaji na ajiulize kama angeweza kuuandika ubovu wa gari lake katika kioo cha mbele, kwa herufi kubwa, na bado akaliuza kwa bei ile ile. Mnunuzi na ajiulize kama angempandisha mtoto wake mwenyewe katika kiti kile, kesho, katika mteremko anaoujua. Wote wawili wakiweza kujibu ndiyo, bei hiyo ni halali, hata ikiwa ndogo namna gani. Mmoja wao akisita, basi na waongeze bei, au waongeze ukweli, au gari lile walifungue vipande vipande, milango yake ikahudumie gari jingine, na breki zake ziende kuyeyushwa.